Maji ya Kuoshea Nyama

Jumamosi, 11 Oktoba

Mbithe amenitumia daftari hili kutoka Kiboko pamoja na maagizo, kwa sababu binti yangu hajui kutuma kitu bila maagizo. Ati niandike kila Jumamosi ninavyopika, vipimo na kila kitu, ndio siku nikifa mapishi yasife na mimi. Nikamwambia sina mpango wa kufa na vipimo vyangu viko mkononi. Lakini daftari ni zuri, lina mistari mipana, na mimi tangu shule napenda kuandika. Haya basi.

Sambusa za mvuke. Wale Wachina wa kambi ya reli niliokuwa nikiwapikia walikuwa na jina lao, lakini hapa Matinyani nikilitamka watu wanacheka, kwa hivyo ni sambusa za mvuke. Unga wa ngano bakuli mbili, maji ya vuguvugu, chumvi kidogo. Kanda mpaka ulainike, funika na kitambaa chenye unyevu, uache upumzike nusu saa. Kabeji kata nyembamba, tia chumvi, kamua mpaka mkono uume, maana kabeji yenye maji hupasua sambusa. Nyama ni ya nguruwe, ya bega, yenye mafuta kiasi. Ioshe, itoe ngozi, ikatekate kwa kisu, si kwa mashine. Tangawizi, kitunguu saumu, vitunguu vya majani, soya sosi. Koroga ukielekea upande mmoja tu. Sukuma viduara vidogo, weka kijiko kimoja cha nyama, kunja marinda kumi na mawili. Mzee wa jikoni pale kambini alikuwa ananihesabia marinda kwa kidole, na nikikosa moja ananiachia nile mwenyewe. Sufuria ya chini ina maji yanayochemka. Ya juu fundi wa jua kali aliitoboa matundu, nami naitandika majani ya kabeji. Dakika kumi na tano.

Maji ya kuoshea nyama, ngozi na maganda yanaingia kwa ndoo ya jirani yangu Kasyoka, ni ya nguruwe wake. Ndoo ikirudi huwa imeoshwa na iko na kitu ndani, mboga ama mayai mawili. Kasyoka si mtu wa kurudisha ndoo ya mtu tupu.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya ibada tulikaa, kikundi cha akina mama. Kasyoka ndiye mwenyekiti. Nguruwe wake ana mimba, atazaa mwanzo wa Desemba, na kila mama aliyeandikwa atapewa mtoto mmoja. Ukimlea akazaa, unarudisha wawili, wanapewa wengine. Hivyo ndivyo Kaveke wa ng'ambo ya mto alivyoanza na mmoja tu mwaka juzi, leo ana sita na nyumba yake ina mabati mapya. Kila tukikutana Kasyoka anamsimamisha tumwangalie, na Kaveke anaona haya na anafurahi pamoja.

Mama tisa wameandikwa. Wanamngojea huyo nguruwe kuliko mvua.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mawingu yamekuja, yametuangalia, yameenda.

Jumamosi, 18 Oktoba

Sambusa zimeisha sokoni kabla ya saa saba. Fahima anayeniuzia tangawizi ameniambia tena kwamba siku nitapika za ng'ombe yeye na watoto wake watamaliza sufuria nzima. Nikamwambia ya ng'ombe haina mafuta ya kutosha. Akasema basi nitakosa pesa yake mpaka kiama.

Nikirudi nimempita Kimeu akiongoza dume lake kwa kamba. Kazi yake ni hiyo, kuzunguka boma kwa boma nguruwe wa watu wapandwe. Huyo mtu ananuka pombe ya kaluvu saa nne asubuhi. Nilivuka barabara.

Jumanne, 21 Oktoba

Mvua! Tangu saa nane za usiku mpaka asubuhi. Nimepanda ndengu na kunde, mgongo si wangu tena.

Jumamosi, 25 Oktoba

Zimeisha zote. Ndoo kwa Kasyoka. Amenirudishia na maembe.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimetoka Kiboko kumwona Mbithe. Yuko kwa kile kituo cha utafiti, anahesabu mbegu kwa sahani ndogo siku nzima, na amekonda. Tukirudi gari lilisimama Sultan Hamud, na pale kando ya barabara kulikuwa na pick-up inauza nyama ya nguruwe kwa nusu ya bei ya Kitui. Watu walikuwa wamejaa. Mwenye nyama alikuwa anakata haraka haraka na hakuwa anaongea na mtu. Nimechukua kilo sita za bega. Nimeshukuru Mungu kwa safari yenye baraka.

Jumamosi, 1 Novemba

Kilo sita! Nimeamka saa kumi na moja na nimekunja marinda mpaka vidole vimekufa ganzi.

Nyama ilikuwa laini ajabu na ilitoa maji mengi. Kwenye mafuta kulikuwa na vidoadoa vyekundu vidogo vidogo, kama mtu amechoma na sindano. Nilifikiri ni kisu cha yule mtu hakikuwa kikali. Nimevikata hivyo vipande nikavitupa kwa ndoo, pamoja na ngozi na maji yote ya kuoshea. Ndoo ilikuwa nzito mpaka Kasyoka mwenyewe ndiye amekuja kuishika upande mmoja. Nguruwe alikula akakoroma. Kasyoka akasema huyu atazaa watoto kumi na wawili kwa hiki chakula chako, Mumbua.

Sambusa zimekuwa tamu sana, kila mtu amesema.

Jumapili, 2 Novemba

Kanisa. Mvua. Usingizi.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeenda Kitui mjini kwa Musyimi, muuza nyama wangu wa siku zote, kuagiza bega la Jumamosi. Hana. Hana hata mfupa wa nguruwe. Nikamwuliza kwani wameenda wapi wote. Akanivuta kando akaniambia kuna homa ya nguruwe huko chini upande wa barabara kuu. Nguruwe anaacha kula, masikio yanakuwa mekundu kisha ya zambarau, na siku chache amekufa, na wote wa boma wanamfuata. Haina dawa wala chanjo. Binadamu haimshiki, akaniambia niache kushika tumbo. Lakini wenye nguruwe wakiona mmoja ameanguka wanachinja waliobaki na kuuza mbio kabla hawajafa, kwa pick-up, kwa nusu ya bei.

Nikauliza inapitia wapi. Akasema damu, nyama mbichi, ngozi, matope ya viatu, hata maji ya kuoshea nyama.

Sijui nilirudije nyumbani. Nimefungua daftari hili nikasoma ya Jumamosi. Ni mwandiko wangu. Vidoadoa vyekundu, nimeandika mwenyewe, na ndoo nzito, na nikafurahi.

Nimempigia Mbithe. Ameuliza mtu wa mifugo anayemjua, akanirudia: ni siku nne mpaka kumi na tisa ndio dalili zionekane. Zile nilizopika zilikuwa salama, mvuke unaua. Ni yale mabichi ya ndoo. Akanitumia namba ya daktari wa mifugo na akasema, "Mama, mpigie leo. Na umwambie Mama Kiilu leo." Ndivyo anavyomwita Kasyoka.

Nimesema nitafanya hivyo. Nimeandika namba kwenye karatasi, karatasi iko chini ya kopo la chumvi.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeenda kwa Kasyoka asubuhi kuazima chumvi. Chumvi ninayo. Nguruwe amesimama, anakula, masikio ni sawa. Siku ya tano.

Sijasema. Nilikuwa nimefungua mdomo, yeye akanionyesha mahali Kiilu, kijana wake, anapojenga pa kuzalia, na nyasi kavu amezitunza juu ya dari zisilowe. Nikisema na nguruwe asiugue, nitakuwa nimejichafua bure na hakuna mtu atakula tena kitu cha mkono wangu. Nikisema na augue, basi nitakuwa ni mimi. Naogopa zote mbili sawasawa.

Ijumaa, 7 Novemba

Masikio sawa.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimepika za nyama ya ng'ombe na nikatia mafuta ya kupikia ndani. Kwanza nimechemsha sufuria zote mbili mara mbili, na kisu, na ubao. Fahima amemaliza sufuria kama alivyoahidi. Watu wengine wameuliza mbona si zile. Nimesema nguruwe amepotea sokoni.

Kasyoka alileta ndoo yake mwenyewe, akaona nimechelewa. Nikamwambia leo hakuna kitu, maji nimemwaga kwa migomba. Akaniangalia. "Ama nimekukosea, Mumbua?" Aki ningetamani ardhi inimeze. Huyu ndiye mtu aliyelala hospitalini na mimi wiki mbili nikifanyiwa upasuaji, akiniosha kama mtoto.

Masikio sawa. Siku ya saba.

Jumapili, 9 Novemba

Tangazo limesomwa kanisani. Nguruwe wasihamishwe, wasipewe makombo mabichi ya jikoni, mgonjwa asichinjwe, aripotiwe. Nilikuwa nimekaa katikati ya benchi na sikuweza kutoka. Nilisubiri mtu ageuke aniangalie, na watu waligeuka kweli, lakini walimwangalia Kimeu, aliyekuwa amesimama nyuma mlangoni kama kawaida yake.

Nje mvua ilikuwa imepumzika. Kasyoka alimwita mbele ya watu wote akamwambia dume lake lisikanyage boma la mama yeyote wa kikundi, na yeye mwenyewe asikanyage, kwa sababu mtu wa kulala kila mahali hubeba kila kitu. Akina mama wakaitikia. Kaveke alicheka akiziba mdomo. Dume la Kimeu halijafika kwa Kasyoka tangu Agosti, kila mtu anajua kuhesabu miezi ya mimba, lakini hakuna aliyehesabu.

Kimeu alisema tu, "Dume nimemfunga ndani tangu Jumatano, Mama Kiilu. Mimi ndiye nilimwambia mchungaji asome hiyo barua."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo na Biblia kifuani. Mtu yeyote angeweza kunisikia nikisema neno moja. Nilikunja kitambaa changu, nikafungua, nikakunja tena.

Jumatatu, 10 Novemba

Mvua mchana kutwa. Masikio sawa. Nimeota ndoto nakunja marinda na sambusa ina joto mkononi, inapumua.

Jumanne, 11 Novemba

Kimeu alikuja. Alisimama langoni, akatoa kijichupa cha maji ya dawa, akanyunyizia viatu vyake huku na huku, ndipo akaingia. Sijawahi kuona mtu akifanya hivyo hapa kwetu, na mimi sina hata nguruwe. Alitaka kuniomba jambo: nimsemee kwa Kasyoka, maana mimi ndiye Kasyoka anasikia. Hana kazi nyingine, na hata homa ikipita, jina likishaharibika hakuna atakayemwita.

Nilimpa chai. Alikuwa hanuki kitu, ama labda mimi ndiye nilikuwa nimeamua ananuka. Akamaliza chai akasema, "Ukinipita njiani unavuka barabara, mama, najua na si kitu. Lakini mimi sijawahi kuua mnyama wa mtu."

Nikasema nitamsemea. Siku hizi nimekuwa mtu wa kusema nitafanya.

Jumatano, 12 Novemba

Leo nilishika ile karatasi ya tarehe moja nikaanza kuichana daftarini. Nimeichana kama inchi mbili hivi. Halafu nikajiuliza Mbithe akiuliza mbona daftari limekatika nitasema nini, na nikaona mimi nimefikia hapo, nimeanza kumwogopa hata mtoto wangu. Nimeibandika na unga wa ngano.

Masikio sawa. Siku ya kumi na moja. Nimeanza kutumaini, na kutumaini huku ni kubaya kuliko ile hofu, kwa sababu nashindwa hata kula.

Alhamisi, 13 Novemba

Hakula.

Amelala upande, anahema. Ncha za masikio zina wekundu, kama mtu amezisugua na kitambaa kikavu. Kasyoka alisema ni mimba, ni joto, leo mvua imeacha na jua ni kali. Nikasema ndiyo. Tulikuwa tumeinama bega kwa bega juu ya ukuta wa banda, kila mmoja anaangalia masikio na kila mmoja anasema ni jua. Hapo ndipo nilijua anajua. Kasyoka alikuwa kanisani Jumapili, alisikia lile tangazo vizuri kuliko mtu yeyote. Nilitaka kuushika mkono wake. Sikuushika, nikaenda nyumbani.

Nimetoa karatasi chini ya kopo. Nimepiga namba. Mteja hapatikani. Ukweli ni kwamba nilishukuru.

Ijumaa, 14 Novemba

Lango la Kasyoka limefungwa. Kiilu alitoka akasema mama ameenda shambani, na nikamsikia mama yake akikohoa ndani.

Saa kumi ujumbe umeingia kwa simu za kikundi. Ati nguruwe ameteleza kwenye matope akavunjika mguu, hawezi kuzaa tena. Kiilu atamchinja kesho asubuhi. Kila mama aje na beseni achukue nyama, na ngozi na matumbo ya kuwapelekea nguruwe wa nyumbani wasikose na wao. Bega lote litakuwa langu: Mumbua atapika sambusa za mvuke ziuzwe Jumapili kanisani, tuanze kutafuta nguruwe mwingine.

Akina mama wamejibu mmoja mmoja. Pole mwenyekiti. Mungu atatoa mwingine. Kesho tutafika.

Saba kati yao wana nguruwe nyumbani. Kama ngozi moja moja inaenda kwa kila boma, mpaka Krismasi Matinyani yote haitakuwa na nguruwe. Nimeandika ujumbe mara nne na nimefuta mara nne. Halafu simu imezimika. Mawingu yamerudi na leo sola haijapata chaji.

Jumamosi, 15 Novemba

Naandika ni jioni, bado kuna mwanga. Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Nilifika saa mbili. Walikuwa wameshachinja tangu alfajiri. Nyama ilikuwa juu ya majani ya migomba, akina mama kama wanane wamezunguka na mabeseni, matope mpaka vifundoni, wanaongea kwa sauti ya matanga. Wale watoto wa tumboni walikuwa wametolewa na kufunikwa na gunia. Niliona gunia na sikuuliza ni wangapi.

Kasyoka hakuniangalia. Alisukuma bega mbele yangu na kisu na ubao, akaniambia nianze kwa sababu kazi ya marinda ni ndefu. Alikuwa ameniwekea na unga wa ngano, na kabeji imeshakatwa. Yeye mwenyewe ameikata, nyembamba kama ninavyopenda, sijui aliamka saa ngapi.

Nilishika kisu. Nilikata mara moja. Kwenye mafuta kulikuwa na vile vidoadoa. Mama mmoja pembeni yangu alikuwa na beseni tupu, anangoja nimalize kuosha nyama ayachukue maji, kwa sababu kila mtu anajua nguruwe hupenda maji yangu. Alisema hivyo, kwa wema kabisa.

Nikaweka kisu chini. Nikasema, "Nyama hii ina homa. Na homa nimeileta mimi."

Hawakuelewa. Ikabidi niseme tena, na nikasema yote, Sultan Hamud, pick-up, nusu ya bei, vidoadoa, ndoo. Nilisema tarehe. Nilisema nimejua siku kumi na nikaja kila asubuhi kuangalia masikio kama mwizi. Nilisema Kimeu mmemtukana nikiwa nimesimama hapo. Sauti ilikuwa inatoka vibaya, inapanda na kushuka, lakini haikukatika.

Mama mmoja akauliza, "Si alivunjika mguu?"

Watu wote wakamgeukia Kasyoka. Kasyoka ni mtu mkubwa wa mwili, na nilimwona akipungua. Nilifikiri atanipiga na nilitaka anipige. Akainama, akavuta mguu wa nguruwe kutoka kwenye majani, akaushika juu wauone. "Mguu ulikuwa mzima," akasema. Kisha akanigeukia mimi peke yangu, kwa Kikamba, polepole. Alisema mimi nilileta bila kujua na yeye alitaka kugawa akijua, kwa hivyo nisilie mbele yake, kwa sababu hana nguvu ya kunibembeleza leo.

Hakuna aliyetutukana. Ingekuwa afadhali. Mmoja baada ya mwingine walimwaga mabeseni pale pale kwenye majani, wakasugua mikono na majivu, wakasugua na viatu. Kiilu alianza kuchimba shimo nyuma ya banda bila kuambiwa. Simu yake ilikuwa na chaji, akapiga ile namba ya kwenye karatasi yangu, ikapatikana. Daktari akasema tuzike kirefu, tusiondoke na kitu, atakuja kesho mto ukimruhusu.

Ndipo Kiilu akahesabu matumbo. Akahesabu tena. Akasema ngozi ya mgongo haipo na utumbo mkubwa haupo.

Kasyoka akakaa chini kwenye matope. Kaveke alikuja saa moja, akasema. Kaveke alikuja mapema kabla ya wote ili avuke mto haujajaa. Yeye Kasyoka akampa beseni limejaa, kwa sababu ndiye ana wanyama wengi.

Kaveke simu yake haikushika. Nilisugua viatu na majivu, nikasugua na mikono mpaka viwiko, nikaondoka. Sikumwambia mtu anifuate. Pale mtoni maji yalikuwa mekundu na yamefika juu ya magoti, na mtu alikuwa amesimama upande huu na fimbo, Kimeu, anaangalia mahali pa kuvukia. Sijui habari zilimfikiaje haraka hivyo. Labda alisikia kelele, labda hakuna kitu kinachopita hapa asikijue. Nilimwambia kwa maneno machache, na nikamwambia samahani. Alinipa ncha ya fimbo, akatangulia, tukavuka. Maji yaliniangusha mara moja na alinivuta kwa mkono wa rinda. Ng'ambo akaketi kwenye jiwe. Akasema yeye hapiti hapo, bado anashinda karibu na dume lake na hataki Kaveke aseme baadaye ni viatu vyake. Akanipa kile kijichupa cha dawa nikanyunyizia vyangu.

Nilipanda ule mlima nikikimbia, mimi mtu wa miaka hamsini na tatu na kovu la upasuaji. Niliomba Mungu Kaveke awe amechelewa. Niliomba awe ameamua kuchemsha kwanza, awe ameweka kando mpaka jioni, awe ameenda shambani kupalilia. Niliomba vitu vidogo vidogo vya aibu.

Niliwasikia kabla sijafika langoni.

Kaveke alikuwa ameegemea ukuta wa banda, amejifunga leso kichwani, anatabasamu. Aliponiona akanipungia mkono nije upesi nione wanavyokula, akasema mwenyekiti amemfanyia wema ambao hatausahau. Nikasimama. Nilikuwa nimelowa mpaka kifuani na sikuweza kuvuta pumzi. Akaacha kutabasamu akaniuliza ni nani amekufa.

Nikamwambia. Mara ya pili si rahisi kuliko ya kwanza, mtu asikudanganye.

Kaveke hakupiga kelele. Aliangalia mabati yake, akaangalia banda. Akauliza inachukua siku ngapi. Nikamwambia kwa Kasyoka zilikuwa kumi na mbili, lakini inaweza kuwa nne, inaweza kuwa kumi na tisa. Akahesabu kwa vidole, akafika Desemba, akaanza tena kutoka mwanzo, kama vile mara ya pili hesabu ingetoka tofauti. Nikamwambia daktari anakuja kesho. Nikamwuliza kama anataka niondoke.

"Uende wapi?" Kaveke akasema. "Mimi siwezi kuyaangalia hayo masikio peke yangu. Utakuja kila asubuhi uniangalizie, mpaka yule wa mwisho."

Nikasema nitakuja. Wale sita walikuwa wameshamaliza, wanasukuma beseni tupu huku na huku wakitafuta kilichobaki.